Ofu si zawadi: historia fupi ya kuomba ruhusa kazini, kutoka kipande hadi WhatsApp

Wasee, leo stori ni ndefu kidogo. Tafuta chai, kaa chini.

Mwaka juzi nilikuwa nafanya kazi kwa duka moja hapa Kisumu town. Jina siweki. Tulikuwa tunaingia saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili nusu siku. Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja na miezi miwili hapo bila kukosa hata siku moja, na nilikuwa najivunia hilo kama mtu aliyepewa medali.

Jumatano moja jioni anko akapiga simu kutoka Uyoma. Dani amelala. Kama hujui Kijaluo, Dani ni nyanya. Huyu ndiye alinilea, na omena wake ndio walinilipia karo kutoka darasa la kwanza mpaka chuo. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu pesa iliisha, lakini mama huyo hakuwahi kuacha kujaribu. Mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mjukuu wa kiume hatakikani kufika siku ya kuzika kama mgeni. Anatakiwa aende mapema, achimbe, abebe viti, afunge hema, akeshe. Nilihitaji siku nne, Alhamisi hadi Jumapili.

Nikaandika meseji kwa mdosi. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Ile niliyotuma mwishowe bado ninayo kwa simu, na ina "samahani" tatu ndani ya mistari minne. "Samahani mkubwa kwa kukusumbua." "Samahani najua kazi ni nyingi." "Samahani kama haitawezekana." Mtu amefiwa halafu yeye ndiye anaomba msamaha.

Mdosi akapiga simu. "Kijana, pole sana. Lakini nyanya si mzazi. Nenda Jumamosi, Jumapili asubuhi uwe dukani." Hiyo Jumamosi yenyewe ikakatwa kwa mshahara.

Na mimi nikajibu, "Asante sana mkubwa."

Hiyo asante ndiyo imenifanya niandike hii posti. Nilitaka kujua ilitoka wapi. Nikaanza kusoma, na manze, ilitoka mbali.

Kabla ya bosi kulikuwa na mwezi

Anza na kitu unachokijua ukitembea Dunga, Usenge ama Mbita. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, wale samaki wadogo wanafuata mwanga, nyavu zinateremshwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa haina maana, na mashua nyingi zinakaa ufuoni. Wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wanaenda harusi na matanga. Mwenye mashua anaweza kununa mpaka achoke, lakini mwezi hausikii.

Dani alipanga maisha yake hivyo. Giza likiwa nene alikuwa ufuoni kabla ya jua kuchomoza, akinunua na kuanika. Mwezi ukijaa alikuwa na ratiba yake nyingine: kumtembelea dada yake, kwenda kliniki, kwenda kulia na waliofiwa. Sisemi maisha yalikuwa rahisi. Njaa na kazi ngumu zilikuwepo. Nasema tu kwamba hakuwahi kumwandikia mtu "samahani" ili aende kuzika.

Reli, kodi na sheria iliyokuwa imezikwa Uingereza

Tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali Wazungu walipaita Port Florence. Ndio hapa kwetu. Kwenye ramani ya mkoloni Kisumu ilikuwa bado upande wa Uganda, mpaka 1902 ilipohamishiwa upande huu ambao baadaye uliitwa Kenya.

Reli ilitaka mizigo, na mashamba ya walowezi yalitaka mikono. Lakini mtu mwenye mtama wake, ng'ombe wake na mtumbwi wake ana sababu gani ya kwenda kukata mkonge wa mtu mwingine? Hapo ndipo kodi ya nyumba ilifanya kazi. Serikali ikataka pesa, na kwa wengi njia ya kupata pesa ilikuwa kuajiriwa. Vijana wa Nyanza wakawa wanapanda treni hapa kwenda kwa mashamba, kwa karakana za reli, kwa bandari ya Mombasa. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaongeza safari nyingine mbaya zaidi: maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la kikosi chao bado tunalitamka bila kufikiria, Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam.

Sasa sikiza hii. Uingereza yenyewe ilikuwa na sheria za zamani za bwana na mtumishi, ambapo mfanyakazi akivunja mkataba anafungwa jela kama mhalifu. Wafanyakazi wao walizipinga miaka mingi na zikaondolewa 1875. Kuanzia hapo, Mwingereza akiacha kazi bila kusema, hiyo ni kesi ya madai, kama deni.

Miaka 31 baadaye, 1906, serikali hiyohiyo ikaleta Sheria ya Mabwana na Watumishi hapa. Ikaandikwa upya 1910. Ndani yake, kutoroka kazi ni kosa la jinai. Kukosa kazini bila ruhusa ni kosa la jinai. Faini ama jela. Kitu walichokizika kwao walikifukua na kukisafirisha kwetu.

Kwa hivyo ukisikia neno "ruhusa" kazini, jua lilikoanzia. Kwa babu zetu, ruhusa ya bosi ndiyo ilikuwa tofauti kati ya kwenda nyumbani na kwenda korokoroni.

Kipande

Halafu ikaja karatasi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, na kuanzia 1919 na 1920 ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Wengi walikitia ndani ya kibweta kidogo cha chuma na kukivaa shingoni. Kilikuwa na jina lako, unakotoka, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachiliwa, na sahihi ya mwajiri kuthibitisha.

Hiyo sahihi ndiyo ilikuwa kufuli. Bila sahihi ya kuachiliwa, mwajiri mwingine hakutakiwa kukuchukua, na polisi akikusimamisha wewe ni mtoro.

Jiweke hapo. Ni 1923, uko shamba la mlowezi mbali na nyumbani. Habari inafika kwamba baba amekufa huko Uyoma. Bosi anasema hapana, mavuno hayajaisha. Una njia mbili. Unabaki, na baba anazikwa bila wewe. Ama unaenda, na tangu siku hiyo vidole vyako viko kwa faili ya watu wanaotafutwa. Mshahara uliokuwa haujalipwa pia unauacha huko.

Na kumbuka kitu kimoja: hadi leo, polisi akikusimamisha Kondele usiku, watu wengi bado wanaita kitambulisho "kipande". Chuma kilitoka shingoni, neno likabaki mdomoni.

Watu hawakunyamaza

Huku kwetu tunapenda kusema wazee waliteseka tu. Si kweli. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, huko Gem, kwenye mkutano uliozaa Young Kavirondo Association. Jonathan Okwiri alikuwa mwenyekiti, Benjamin Owuor katibu, Simeon Nyende mweka hazina. Wengi wao walikuwa watu waliosomea Maseno, vijana wa wakati huo. Vuguvugu lao likaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Malalamiko yao yalikuwa kodi, kazi ya kulazimishwa na kipande.

Miezi mitatu baadaye Nairobi ikawaka. Harry Thuku, ambaye pia alikuwa anapinga kipande, alikamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kudai aachiliwe ukapigwa risasi tarehe 16. Hapa Nyanza, Julai mwaka huohuo, gavana mwenyewe, Northey, alikuja kukutana na watu wa Piny Owacho. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika shilingi 16, na mwaka huo ikashushwa hadi 12. Kipande hakikuondoka. Kilikaa shingoni mwa watu miaka mingine 25, mpaka 1947 ilipopitishwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote.

Mtoto mmoja alizaliwa katikati ya hayo yote, 1930, kwenye shamba la mkonge la Kilima Mbogo ambako baba yake, mtu wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa ameajiriwa. Aliitwa Tom Mboya. Unajua jina lake kwa sababu ya ndege za wanafunzi na kwa sababu ya risasi za Julai 1969. Lakini kabla ya yote alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na 1962, akiwa Waziri wa Leba, alisimamia mkataba kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi ulioweka utaratibu wa kuzungumza na kutatua migogoro. Mtoto wa shamba la mkonge alikaa meza moja na waajiri akiwa waziri. Mimi hiyo picha naipenda sana.

Hata baada ya uhuru mambo yalikuja polepole. Sheria ya Ajira ya 1976 iliwapa akina mama miezi miwili ya likizo ya uzazi, lakini ikasema ukiichukua, umepoteza likizo yako ya mwaka. Yaani kujifungua kulihesabiwa kuwa mapumziko. Hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30.

Kitu nilichokuwa sijui siku ile

Sheria tunayotumia sasa ni ile ya 2007, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, ikaipa nguvu. Sina digrii, lakini nimeisoma, na lugha yake si ngumu. Hizi hapa:

- Siku moja ya kupumzika kila siku saba. Ile Jumapili yetu ya nusu siku haikuwa inatosha.
- Ukimaliza miezi 12, likizo ya siku za kazi zisizopungua 21, na mshahara kamili.
- Ukiwa umefanya kazi miezi miwili mfululizo na uwe mgonjwa, siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kila mwaka, ukileta barua ya daktari.
- Miezi mitatu kwa mama aliyejifungua, wiki mbili kwa baba, kwa mshahara kamili. Na mama hapotezi tena likizo yake ya mwaka.
- Kifungu cha 46: kwenda likizo, ama kuomba likizo ambayo ni haki yako, si sababu halali ya kukufuta.
- Kifungu cha 37: kibarua anayeendelezwa mwezi mzima bila kukatizwa si kibarua tena mbele ya sheria.

Rudi sasa kwa duka. Nilikuwa na miezi 14 na sikuwa nimechukua siku hata moja. Nilikuwa na siku 21 zangu, zimekaa hapo, na nilikuwa nalia nikiomba nne. Halafu nikashukuru kwa moja ambayo nililipia mwenyewe. Ni kama mtu akope pesa kutoka kwa akaunti yake mwenyewe na bado alipe riba.

Tuwe wakweli: mwajiri ana sauti kuhusu tarehe. Anaweza kusema wiki hii haiwezekani, chukua ile. Na ukitoweka bila kusema, sheria hiyohiyo inahesabu hilo kuwa kosa kubwa linaloweza kukufutisha. Tofauti na 1910 ni kwamba utapoteza kazi, hutafungwa. Lakini kusema "hatuna livu hapa" hana uwezo huo.

Shimo lililobaki

Ukisoma hiyo orodha tena utaona kitu kinakosekana. Kuzaliwa kupo. Ugonjwa upo. Kifo hakipo. Sheria ya Ajira ya Kenya haina hata siku moja ya kufiwa. Mahali pengine mkataba wa kampuni ama makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanakupa siku kadhaa. Ukiwa duka, hoteli ama saluni isiyo na chama, ni huruma ya mdosi ama zile 21 zako.

Na hii ni nchi gani? Ni nchi ambayo mwili wa wakili S. M. Otieno, aliyekufa Desemba 1986, ulikaa miezi mitano bila kuzikwa kwa sababu mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walikuwa mahakamani wakigombania azikwe wapi. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Upande wowote unaouunga mkono, huwezi kusema kuzika ni jambo dogo kwetu. Majaji wakubwa kabisa walikaa wakasikiliza hoja kuhusu udongo gani umfunike mtu. Lakini anayetakiwa kwenda kuushika huo udongo hana mstari wake kwa sheria ya kazi.

Najua upande wa waajiri. Kisumu kila Jumamosi kuna mazishi. Duka la watu watatu likikosa mmoja, linayumba. Na kuna wasee wamezika nyanya mmoja mara nne, tunawajua, tunacheka nao. Lakini jiulize kwa nini uongo huo upo. Mtu akisema ni mgonjwa, kuna sheria. Akisema amefiwa, anaambiwa nyanya si mzazi. Basi wengi wanachagua kuumwa na tumbo. Mimi mwenyewe nilifikiria. Kilichonizuia ni kwamba sikutaka kusema uongo siku ya kumzika Dani.

Na nani aliamua nyanya si mzazi? Mimi niliyemlilia najua alikuwa nani.

Jumamosi hiyo niliondoka na matatu ya kwanza ya Bondo. Nilipofika boma, hema limefungwa na wengine, kaburi limechimbwa na wengine, na mwili ulikuwa umelala nyumbani usiku mzima bila mimi kukaa kando yake. Nilifika kama mgeni. Wazee hawakusema kitu, na hiyo iliuma kuliko kama wangesema. Saa kumi na moja jioni nilikuwa stejini natafuta gari ya kurudi.

Tuanze kuongea vingine

Sisemi uende umpigie mdosi kelele. Kazi ni chache na kodi ya nyumba, hii ya landilodi, haingoji. Nasema tujue tunaongea kutoka wapi. Ile sauti ndogo tunayotumia, ile ya kuinama ndani ya meseji, ilikuwa na maana wakati bosi alikuwa na polisi nyuma yake. Leo hana. Andika mapema ukiweza, andika ili kuwe na rekodi, taja tarehe, taja siku ngapi, sema nani atashika nafasi yako. Heshima iwepo. Msamaha wa nini?

Wiki jana dada yangu mdogo, mtoto wa anko, alinipigia. Anafanya kazi kwa hoteli moja karibu na ziwa, ana mwaka na nusu hapo, hajawahi pumzika. Sasa anataka kwenda dala wiki moja kumwekea Dani saruji kaburini na watu wa nyumbani. Alikuwa ameandika meseji, akanitumia niiangalie. Nikahesabu: "samahani" mbili.

Tukazitoa. Ikabaki hivi: "Habari ya asubuhi Madam. Naomba kuchukua siku 5 kati ya siku zangu za likizo ya mwaka, kuanzia Jumatatu tarehe 14. Mwenzangu wa jikoni amekubali kushika zamu zangu. Nitarudi kazini Jumatatu inayofuata. Asante."

Akaniuliza, "Si itaonekana nina kiburi?" Nikamwambia aisome tena kwa sauti. Akaisoma. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe ni meseji ya kawaida tu."

Ameituma jana. Madam ameisoma, bado hajajibu. Jibu likija nitawaambia. Na wewe, ya kwako ina samahani ngapi?